Vitu Ambavyo Gari Halikufundishwa Kuviona

Barabara yenye waya, 1925–1977

Mwaka 1925 watu waliosimama kando ya barabara ya Broadway, New York, waliona gari likipita bila mtu kwenye usukani. Halikuwa na akili yoyote. Lilikuwa limefungwa redio, na mwendeshaji wake alilifuata kwa gari la nyuma akiliamuru kwa mawimbi ligeuke huku au kule. Safari iliishia kwa kugonga gari jingine.

Katika maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1939, General Motors iliwaonyesha wageni mfano wa nchi ya miaka ishirini mbele, ambamo magari yalijiendea yenyewe kwenye barabara pana. Miaka ya 1950 wahandisi walizika nyaya chini ya lami, gari likafuata umeme wa waya kama treni inavyofuata reli. Mpango huo ulikuwa na fadhila ambayo siku hizi haikumbukwi sana: gari halikuhitaji kuona kitu. Usalama ulilazwa ardhini. Kilichouua ni gharama, maana hakuna serikali iliyokuwa tayari kuchimbua barabara za nchi nzima ili kulaza nyaya.

Ikabidi gari lipewe macho. Mwaka 1977 maabara ya uhandisi ya Tsukuba, Japani, ilitengeneza gari lenye kamera lililofuata alama nyeupe za barabarani kwa mwendo wa hadi kilomita 30 kwa saa. Tangu hapo swali la usalama limekuwa moja, nalo limejibiwa vibaya mara nyingi kuliko vizuri: gari linaona nini, na nani alilifundisha kuona hivyo?

Nyasi za kando, 1986–1995

Profesa Ernst Dickmanns wa chuo kikuu cha jeshi jijini Munich alichukua gari kubwa la Mercedes, akalijaza kompyuta na kamera, na kufikia mwaka 1987 lilikuwa likikimbia kilomita 96 kwa saa kwenye kipande cha barabara kuu kisichokuwa na magari mengine. Njia yake ilikuwa ya hesabu: mhandisi anaandika kanuni za mwendo, kompyuta inazifuata.

Ng'ambo ya bahari, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kijana aitwaye Dean Pomerleau alishika njia nyingine. Hakuliandikia gari kanuni. Alitengeneza mtandao wa neva, yaani programu inayoiga kwa mbali jinsi chembe za ubongo zinavyoshikana, akauita ALVINN. Uliipokea barabara kama picha ndogo ya nukta 30 kwa 32. Pomerleau aliendesha kwa dakika chache huku mtandao ukimtazama, halafu akaachia usukani. Gari likaendelea lenyewe. Magari mengi yenye akili mnemba yanayozungumzwa leo ni vitukuu vya mtandao ule mdogo.

Siku moja mwaka 1991 gari lilikuwa likienda vizuri, likakaribia daraja, ghafla likapinda upande. Pomerleau alidaka usukani akaliokoa. Alirudi maabara kutafuta kosa, na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, kwani katika mtandao wa neva hakuna mstari wa kusoma ulioandikwa “fuata hiki, epuka kile.” Kuna tarakimu tu. Alipochunguza kwa subira aligundua kwamba gari halikuwa limejifunza barabara. Lilikuwa limejifunza nyasi. Kila alikolifundisha kulikuwa na majani kando ya lami, nalo likaamua, kimya kimya, kwamba kuendesha ni kukaa katikati ya kijani na kijani. Darajani hakuna nyasi.

Ningemwomba msomaji akishike kisa hiki, kwa sababu kila ajali tutakayoifikia ni daraja la Pomerleau kwa sura nyingine.

Mwaka 1995 pande zote mbili zilifunga safari za kutamba. Gari la Dickmanns lilitoka Munich hadi Odense, Denmark, kilomita 1,700 na ushei kwenda na kurudi, mahali pengine likifika kilomita 175 kwa saa. La Pittsburgh lilivuka Marekani hadi San Diego, na asilimia 98.2 ya njia lilijishikia usukani lenyewe, ingawa breki na mafuta vilibaki miguuni mwa binadamu. Hesabu ile ilisherehekewa. Lakini asilimia 1.8 ya Marekani nzima ni kilomita 80 na zaidi, na ni humo ndimo madaraja yalimo.

Jangwani, 2004–2009

Kilichoivuta kazi hii kutoka vyuoni ni vita. Bunge la Marekani lilitaka theluthi moja ya magari ya jeshi ya nchi kavu yajiendeshe kufikia mwaka 2015, na wakala wa utafiti wa jeshi, DARPA, ukatangaza mashindano. Tarehe 13 Machi 2004, kwa zawadi ya dola milioni 1, magari 15 yaliitwa mstarini katika jangwa la Mojave kukimbia zaidi ya kilomita 220. Hakuna lililomaliza. Lililofika mbali kuliko yote lilikwama baada ya kilomita 12 hivi.

Mwaka uliofuata matano yalimaliza. La kwanza lilikuwa Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Sebastian Thrun, Mjerumani ambaye alimpoteza rafiki katika ajali ya gari akiwa na miaka 18 na ambaye amesema mara nyingi kwamba msiba huo ndio uliomtuma. Mwaka 2007 mashindano yalihamia kwenye mitaa ya kambi ya zamani ya jeshi la anga, yakiwa na makutano na foleni, na kikosi cha Carnegie Mellon kilichoongozwa kiufundi na Chris Urmson kikashinda. Mwaka 2009 Google iliwakusanya Thrun, Urmson na wengine katika mradi wa siri ambao baadaye ungeitwa Waymo.

Jangwani hakuna mtoto anayekimbilia mpira. Teknolojia iliyokulia huko iliingia mitaani ikiwa hodari wa mawe na mabonde, lakini ikiwa mgeni kabisa kwa watu.

Mlinzi anayesinzia, 1948–2016

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Uingereza lilisumbuliwa na jambo moja: askari wa rada, vijana wenye macho mazima, walikuwa wakipitwa na ishara za nyambizi kwenye kioo. Mwanasaikolojia Norman Mackworth aliwapima kwa saa ya kuigiza ambayo mkono wake uliruka hatua mara chache sana, na mwaka 1948 akachapisha matokeo. Baada ya nusu saa hivi ya kukodolea kitu kisichobadilika, umakini wa binadamu unaporomoka. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge, naye Mwingereza, alilisogeza mbele jambo hilo katika makala fupi ambayo wahandisi wa ndege waliisoma sana: kadiri mashine inavyoaminika, ndivyo mtu anayeisimamia anavyopoteza uwezo wa kuiokoa siku itakaposhindwa.

Google waliliona hili kwa macho yao. Walipowakopesha wafanyakazi wao magari ya majaribio, kwa sharti la kuangalia barabara muda wote, kamera za ndani ziliwaonyesha watu hao wakishughulika na simu, wakijipodoa, hata wakilala. Kampuni ikaamua kuachana na mpango wa binadamu na mashine kupokezana usukani. Ama gari liendeshe lote, ama lisiendeshe.

Tesla ilichagua njia ileile ya kupokezana ambayo Google waliiacha. Oktoba 2015 iliwafungulia wateja wake mfumo wa Autopilot, msaidizi anayeshika njia na mwendo huku dereva akitakiwa kukaa macho. Tarehe 7 Mei 2016, karibu na Williston, Florida, gari la Tesla lilipita chini ya tela jeupe la lori lililokuwa likikata barabara, na dereva akafa. Halikupunguza mwendo. Mfumo ule ulikuwa umejengwa kutambua migongo ya magari yaliyotangulia, na ubavu wa lori si mgongo. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilikuta kwamba katika dakika 37 ambazo mfumo ulikuwa kazini, mikono ya dereva iligusa usukani kwa sekunde 25 tu. Bodi ilimlaumu dereva, ikalilaumu pia gari kwa kumruhusu. Nusu hiyo ya pili ya hukumu haikusikilizwa inavyostahili.

Tempe, 18 Machi 2018

Desemba 2016 jimbo la California liliyafutia usajili magari ya majaribio ya Uber kwa kuwa kampuni haikutaka kuomba kibali. Gavana wa Arizona, Doug Ducey, akawakaribisha hadharani: kwake hapakuwa na kibali cha kuombwa. Magari yakapakiwa kwenye lori yakahamia jangwani.

Awali kila gari lilikuwa na wasimamizi wawili, mmoja kwenye usukani na mwingine akiandika kumbukumbu. Katika vuli ya 2017 Uber ilimwondoa wa pili. Ilikuwa imezima pia breki ya dharura ambayo Volvo, mtengenezaji wa gari lenyewe, aliifunga kiwandani, ili mifumo miwili isigombane.

Jumapili ya tarehe 18 Machi 2018, saa nne kasoro dakika chache usiku, mwanamke wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara ya Mill huku akisukuma baiskeli iliyotundikwa mifuko. Hapakuwa na kivuko mahali hapo. Gari la Uber lilikuja kwa kilomita 69 hivi kwa saa.

Rada ilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kugongwa. Naomba tukae kwenye sekunde hizo. Dereva wa kawaida, kwa mwendo ule, angeweza kusimama na muda ukabaki. Programu kwanza ilisema: gari. Kisha: kitu kingine. Kisha gari tena, kitu kingine tena, halafu baiskeli. Kila ilipobadili jina, ilifuta kumbukumbu ya alikotoka, ikaanza upya kana kwamba amezuka pale pale. Kitu kisicho na jana hakina kesho, na programu isiyojua ametoka wapi haikuweza kukisia anakwenda wapi. Haikumwita mtu anayetembea hata mara moja, kwa sababu waandishi wake hawakuipa uwezekano wa mtu kutembea nje ya kivuko.

Sekunde 1.2 kabla, iling'amua kwamba mgongano unakuja. Ikanyamaza sekunde nzima. Kunyamaza huko kulikuwa kumeandikwa makusudi: magari ya Uber yalikuwa yakifunga breki ovyo kwa hatari zisizokuwepo, kwa hiyo mfumo uliwekewa sekunde moja ya kujizuia ili safari iwe laini. Msimamizi, aliyekuwa ameinamisha macho karibu theluthi ya safari, simu yake ikionyesha kipindi cha televisheni, aliinua kichwa akiwa amekwisha chelewa. Breki zilikuja baada ya pigo.

Mwanamke huyo alikuwa mtu wa kwanza anayejulikana kuuawa akitembea kwa miguu na gari lililokuwa likijiendesha. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka aliamua kwamba Uber haina jinai ya kujibu. Msimamizi alishtakiwa mwaka 2020, na Julai 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Ripoti ya Bodi ya Usalama, Novemba 2019, ilimtaja yeye kwanza, kisha uzembe wa Uber katika kupima hatari, kisha jimbo la Arizona kwa kutosimamia. Mimi naona mpangilio huo ungepinduliwa. Yule aliyekuwa peke yake ndani ya gari usiku alifanya kosa ambalo Mackworth alilitabiri miaka 70 nyuma. Waliomwondoa mwenzake, wakazima breki ya Volvo na kuandika ile sekunde ya kimya walifanya hayo mchana, ofisini, wakiwa na muda wa kufikiri.

Waliofundisha macho, Nairobi na Gulu

Mwezi ule wa msiba wa Tempe kulikuwa na vijana Nairobi, wengine wakitokea Kibera, waliokuwa wakilipwa dola 9 hivi kwa siku kutazama picha za barabara wasizowahi kuzikanyaga. Kampuni ya Samasource, yenye ofisi Nairobi na pia Gulu, Uganda, iliwapa kazi ya kuzungushia mstari kila kitu kwenye picha: hili gari, huyu mtu, hii alama, hizi taa, huu ni mti. Kwa kipanya, nukta baada ya nukta. Mtandao wa neva haujui mtu ni nini mpaka mtu auoneshe watu maelfu kwa maelfu.

Kwa hiyo maarifa ya gari yana mipaka ya picha zilizoletwa. Mwaka 2017 Volvo ilieleza kwamba huko Australia mfumo wake wa kutambua wanyama, uliofunzwa kwa kulungu wakubwa (moose) wa Sweden, ulichanganywa na kangaruu: akiruka alionekana yuko mbali, akitua yuko karibu. Mwaka 2019 watafiti wa Georgia Tech walipima programu za kutambua watu barabarani, wakakuta usahihi unapungua kwa asilimia 5 hivi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mwaka 2023 watafiti wa King's College London na wenzao wa China walikuta watoto wanatambuliwa kwa usahihi pungufu wa karibu asilimia 20 kuliko watu wazima. Programu zilizopimwa zilikuwa za wazi, za watafiti, si zile ambazo kampuni zinazifungia. Hata hivyo nilipoyasoma haya niliwafikiria wale wachoraji wa Nairobi wakitembea jioni kurudi nyumbani, weusi, gizani, kando ya barabara isiyo na kivuko.

Hesabu isiyokamilika

Kampuni zimejitetea kwa hoja nzito, nayo isibezwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao 1,190,000 mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mashine hailewi wala haikimbizani na wenzake kugombea abiria.

Lakini ubora huo unathibitishwaje? Mwaka 2016 Nidhi Kalra na Susan Paddock wa taasisi ya RAND walipiga hesabu. Kwa kuwa kifo kimoja Marekani hutokea baada ya mamilioni ya maili, magari yanayojiendesha yangehitaji kwenda maili milioni 275, yaani kilomita milioni 440, bila kuua mtu, ndipo takwimu ziseme kwa uhakika kwamba hayana hatari zaidi ya binadamu. Magari 100 yakizunguka usiku na mchana yangehitaji zaidi ya miaka 12. Kila programu ikibadilishwa, kwa ukali wa hesabu, unaanza tena.

Maana yake ni kwamba jaribio la kweli hufanyikia mitaani, miongoni mwa watu ambao hawakutia saini popote.

San Francisco, 2 Oktoba 2023

Tarehe 10 Agosti 2023 tume ya huduma za umma ya California ilipiga kura tatu kwa moja kuziruhusu Waymo na Cruise, tanzu ya General Motors, kubeba abiria kwa malipo saa zote bila dereva jijini San Francisco. Wazima moto wa jiji walikuwa wamelalamika kwamba magari hayo yanaziba njia zao.

Wiki saba baadaye, usiku, gari lililoendeshwa na binadamu lilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka, likakimbia. Mwanamke alirushwa mbele ya gari la Cruise lililokuwa njia ya pili. Gari lilifunga breki kwa nguvu, likamgonga, likasimama. Mpaka hapo hata dereva mzuri huenda asingefanya zaidi. Kisha programu ikatafakari: nimegongwa ubavuni, kanuni yasema nisizibe njia, nisogee pembeni. Ikasogea. Mwanamke alikuwa chini ya gari, akaburuzwa mita 6. Aliokoka na majeraha makubwa. Amri ya kusogea pembeni ni ya usalama, na hakuna aliyeiandika kwa ubaya. Iliandikwa tu na watu ambao hawakuwaza kwamba kuna siku mtu atakuwa chini.

Yaliyofuata yaliiua Cruise kuliko ajali yenyewe. Katika vikao na wasimamizi wa serikali, maofisa wake waliweka video ijisemee, na wakati mwingine mtandao ukakatika-katika. Hawakutamka kwamba mtu aliburuzwa. Tarehe 24 Oktoba California iliisimamisha. Kampuni iliyaondoa magari 950 kwa marekebisho, mkuu wake Kyle Vogt akajiuzulu Novemba, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola 500,000 kwa kutoa ripoti ya uongo kwa serikali ya shirikisho. Desemba 2024 General Motors iliacha kuugharamia mradi wa teksi hizo.

Wanaoendelea, 2023–2025

Desemba 2023, jijini Phoenix, gari la Waymo liligonga pikapu iliyokuwa ikikokotwa kinyumenyume, imekaa mshazari kati ya njia mbili. Dakika chache baadaye gari la pili la Waymo likaigonga pikapu ileile. Hakuna aliyeumia. Dereva wa pili angekuwa mtu, labda angeiona. Lakini haya mawili yalikuwa na ubongo mmoja, na yote mawili yaliamini kwamba pikapu huenda inakoelekeza uso. Kosa la dereva mmoja hubaki naye. Kosa la programu lipo katika kila gari kwa wakati mmoja, ingawa marekebisho nayo husambaa vivyo hivyo, na magari 444 yalirekebishwa.

Mwezi huohuo Tesla ililazimika kurekebisha zaidi ya magari milioni 2 kwa sababu mfumo wake haukuhakikisha dereva yuko macho. Agosti 2025 jopo la mahakama jijini Miami liliikuta na asilimia 33 ya lawama katika ajali ya mwaka 2019 na kuiamuru ilipe dola milioni 243. Miaka tisa baada ya Williston, nusu ya pili ya hukumu ile ilipata bei.

Mwaka 2025 pia watafiti wa Waymo walichapisha hesabu ya maili milioni 56.7, takriban kilomita milioni 91, bila dereva: ajali zenye majeraha makubwa zilikuwa pungufu kwa asilimia 85 ikilinganishwa na za binadamu katika miji hiyohiyo. Ni watumishi wa kampuni yenyewe waliohesabu, lakini makala ilipitiwa na wataalamu wengine, na mimi nayachukulia matokeo hayo kwa uzito. Kuna watu wanaotembea leo kwa sababu yake.

Jijini Austin, Texas, mwaka wa shule ulipoanza Agosti 2025, magari ya Waymo yalianza kuyapita mabasi ya shule yaliyosimama, taa nyekundu zikiwaka, mkono wa kusimamisha magari ukiwa umenyooshwa. Mamlaka ya shule ilihesabu matukio zaidi ya kumi, mengine baada ya programu kurekebishwa. Iliiomba kampuni iyaegeshe magari saa ambazo watoto wanakwenda na kurudi. Kampuni haikukubali, ingawa Desemba ilitangaza marekebisho mengine kwa magari yake yote. Kila moja la magari hayo lilikuwa na kamera 29. Picha zilizoyafichua makosa zilitoka kwenye kamera zilizofungwa ubavuni mwa mabasi ya shule.